Mguu Ambao Sikuutaja

Mwalimu wetu wa riadha alikuwa akitupima uzito kwenye mizani ya kahawa. Mtu asiye wa kwetu nikimwambia hivyo hucheka, anafikiri natia chumvi. Sitii. Shule yetu ilikuwa juu ya Runyenjes, katikati ya mashamba ya chai na kahawa, na bondeni chini ya lango kulikuwa na kiwanda ambapo wakulima hupeleka kahawa mbichi ikapimwe. Shule haikuwa na mizani. Mwalimu alijuana na karani wa kiwanda, basi Jumamosi asubuhi, msimu wa kuvuna, alituteremsha huko wasichana wote wa mbio ndefu, tukapanda mmoja mmoja mahali pa kuwekea magunia.

Na hakuwa mtu wa kunong'ona. Alisoma kilo zetu kwa sauti ile ile karani anayotumia kusoma kahawa ya mtu. Akina mama waliokuja na mizigo mgongoni walisikia, vijana wa bodaboda walisikia. Ukiwa umeongezeka tangu Jumamosi iliyopita alikuita mbuni. Kwetu mbuni ni ile kahawa iliyokaukia mtini, ambayo huuzwa kwa bei ya kutupa. "Mbuni hii! Nani ataikimbiza?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka alipoitwa mwenzangu, kwa sababu ukicheka unajua leo si zamu yako.

Lakini nisimsingizie mtu. Tulishinda. Kabla yake, shule yetu ilikuwa ikienda mashindano kula mkate na kurudi. Alipokuja yeye tukaanza kuogopwa. Mchungaji alimtaja madhabahuni, wazazi walimpelekea kuku, na baba yangu, mtu ambaye hajui kusifu, alisema, "Huyo sasa ndiye mwalimu. Sio hawa wa kubembeleza." Na kazi aliijua. Aliamka kabla yetu, akapanda nasi kilima kwa miguu yake mwenyewe hali hakuna aliyemlipa zaidi kwa kufanya hivyo. Ukikimbia vizuri alikuwekea mkono kichwani na kusema, "Sawa." Hilo tu. Mimi ningekimbia hadi Isiolo ili nilisikie tena. Hadi leo hunikasirisha kukumbuka jinsi lilivyokuwa tamu.

Kitu kilichokatazwa kilikuwa kuumwa. Aliyesema goti linauma au tumbo linakata alibebeshwa mtungi wa maji ya timu nzima hadi uwanjani na kurudi, na jina lake likawa Mgonjwa mpaka siku atakapokimbia tena. "Mgonjwa, tuletee maji!" Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukiita, kwa raha zetu. Hata ukimwendea ukichechemea waziwazi, alikukazia macho akasema, "Wewe huumwi. Wewe unaogopa." Ukiambiwa hivyo kila mara unaanza kuushuku mwili wako. Nilifika mahali ambapo, kusema kweli, sikuweza tena kutofautisha kuumwa na kuogopa.

Kuhusu chakula, hakuwahi kutukataza kula. Alikuwa mjanja kuliko hivyo. Ijumaa jioni alipita tu kwenye bwalo, akasimama karibu na meza yetu, mikono kifuani, akatazama sahani. Githeri yetu ya mahindi na maharagwe ikabaki pale inapoa. Likizoni shosho, nyanya yangu, alinipakulia mukimo, viazi vya kuponda, kama kawaida yake, rundo, nami nikala kidogo mbele yake na uliobaki nikaupeleka nyuma ya jikoni kwa mbwa. Mbwa wetu alinenepa sana mwaka ule, na shosho akashangaa kwa nini.

Halafu siku zangu za mwezi zikakatika. Niliogopa, nikawauliza wakubwa kwenye timu, wakacheka na kunipigapiga mabega. "Karibu. Sasa umekuwa mkimbiaji." Kwao ilikuwa ishara ya kukomaa, na kwa vile hakuna aliyeniambia vinginevyo, nikaanza hata kujivunia.

Mama aligundua dukani, tukinunua vitu vya kurudi shuleni. Nilitaja sabuni, mafuta, wembe, na sikutaja pedi. Alimlipa mwenye duka. Tulipofika barabarani akasimama.

"Ni nani?"

"Nani nini, Mama?"

"Usinichezee. Nimekuuliza ni nani."

Woi! Nilitamani ardhi inimeze. Niliapa kwa kila kitu kinachoweza kuapiwa, na kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kuamini kuna mvulana mahali. Kesho yake akanipeleka zahanati, sote wawili tumevaa nguo za kanisani, ili atakayetuona afikiri tunakwenda kuombea mgonjwa. Nesi akapima. "Hana mimba." Mama alipiga makofi palepale. "Asante Yesu! Asante Yesu!" Tukaingia Runyenjes akaninunulia soda na mandazi, akacheka njia nzima hadi nyumbani, akanishika mkono kama nina miaka mitano. Na katika furaha ile yote hakuna aliyeuliza swali la pili, si yeye, si nesi, si mimi: kama hakuna mimba, basi siku zangu zimekwenda wapi?

Mguu wa kushoto ulianza kama kitu kidogo. Hapa mbele, kwenye ugoko, palikuwa na mahali padogo nikipabonyeza nashtuka. Nilikimbia nao. Darasani nilikuwa nimeushika chini ya dawati, mwalimu wa hesabu akiandika ubaoni, nami nabonyeza kuona kama maumivu yamepungua. Hayakupungua. Sikumwambia mtu, na hofu ya kwamba mwalimu wa riadha atagundua ikanitesa kuliko maumivu yenyewe. Asubuhi moja kilimani nikasikia kitu kimealika ndani, nikaanguka kati ya mibuni.

Mwalimu alinifikia akasema, "Amka." Nikaamka. Nikaanguka tena. Hapo akaona, rangi ikamtoka usoni. Alinibeba mgongoni hadi barabarani, mtu mzima anatweta, na njia nzima alikuwa akiniuliza, "Kwa nini hukuniambia? Si ungeniambia tu?" Na hakuwa anaigiza! Alikuwa anauliza kwa moyo wake wote, anataka kujua. Hilo ndilo linalonitia wazimu hadi leo. Ningekuwa na nguvu ningemuuma shingo.

Daktari wa Embu aliinua picha ya mfupa kwenye mwanga akamwambia mama, "Huyu ana mifupa ya mwanamke mzee. Anakimbia sana na chakula hali." Kisha akanigeukia. "Huu utapona. Lakini ukivunjika hapa tena, mbio ndizo hizo zimekwisha. Na huenda ukachechemea maisha yako yote." Mama alimfanya arudie ili nisiseme sikusikia.

Sasa mtu aniulize kwa nini nilirudi kukimbia. Sijui nimjibu nini. Nilipofika chuo kule Nchiru nilikuwa na chumba kidogo cha kupanga, kibanda cha chapati mlangoni, na miguu miwili inayowasha kila nikiona wengine wakipita asubuhi wakikimbia. Mama alikataa kwenye simu. Nikamwambia nitakimbia polepole, kwa afya tu. Alijua nadanganya, nami nikajua kwamba anajua.

Kocha wa huko alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuja uwanjani na ndoo ndogo yenye mayai ya kuchemsha na nduma, yaani magimbi, na hukuvaa viatu kabla hujala. "Kwangu hakuna anayekimbia na tumbo tupu," alisema, basi. Kisha alipita kwa kila mmoja na kumuuliza, "Unajisikia aje leo?" Akauliza halafu akangoja. Huko kungoja ndiko kulikonitisha. Kwetu swali la namna hiyo lilikuwa mtego.

"Niko sawa, kocha."

"Haya. Nenda."

Nilimdharau. Wacha niseme ukweli, nilifikiri mama huyu hajui kazi. Nikikimbia vibaya alisema, "Leo ilikuwa hivyo," akatia saa yake mfukoni. Leo ilikuwa hivyo? Ati hivyo? Nilirudi chumbani nikirudia sura yake kichwani, nikitafuta hasira iliyofichwa mahali. Nilikuwa na hakika anapanga kunitoa kwenye timu kimyakimya. Bila mtu wa kunifokea sikujua mimi ni mzuri au mbaya, basi nikaanza kujifokea mwenyewe. Asubuhi, kabla ya mazoezi, nilitoka peke yangu nikapiga mbio za ziada hadi barabara kuu, kwa siri, kama mwizi wa kuku. Kisha nikafika uwanjani, nikala yai, nikasema niko sawa.

Na bado, yale mayai na nduma yakafanya kazi yake. Siku zangu zikarudi. Nililia bafuni, watu wanagonga mlango, mimi nalia. Nikampigia mama simu, naye akapaza sauti, "Asante Yesu!" kwa nguvu ile ile ya zahanati, tukacheka mpaka salio likaisha. Nilianza kulala. Na nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia shuleni, nikiwa mzito kuliko nilivyowahi kuwa. Siku moja kocha alinionyesha saa akicheka, nami nikafikiri imeharibika.

Hapo ndipo ugoko ulipoanza tena. Mahali palepale. Ni zile mbio zangu za siri, nani mwingine wa kulaumu? Ilikuwa karibu na mashindano ya wazi kule Embu, vyuo na shule pamoja, na jina langu lilikuwa kwenye mita elfu tano.

Nataka nieleze hofu yangu vizuri kwa sababu watu huielewa vibaya. Sikuogopa kwamba kocha yule angeniadhibu. Nilijua hawezi. Nililijua hilo kwa akili yangu timamu, nikitembea kwenda uwanjani nilijiambia, leo namwambia. Alipouliza, mdomo ukajibu wenyewe, "Niko sawa, kocha." Naye akaniamini! Hilo sikulizoea. Yule wa kwanza hakuamini lolote ulilomwambia. Huyu aliamini kila kitu, na kwa kuwa aliniamini alinipa kazi ngumu ya siku ile, mizunguko ya kasi, nami nikaikimbia huku nikihisi mfupa. Kazi ya yule mwalimu sasa nilikuwa nikijifanyia mwenyewe. Niliota naanguka, nikaamka nikapapasa mguu kwanza kabla ya kupapasa simu. Chakula kikaanza kunishinda tena.

Embu palikuwa na ukungu na baridi asubuhi ile. Nilikuwa bado sijafunga kamba za spaiki, viatu vyangu vya mbio, niliposikia sauti ambayo mgongo wangu uliijua kabla ya masikio.

"Ala! Ni wewe? Umenona!"

Mwalimu wangu wa zamani. Alikuwa na wasichana wake, wamevaa rangi zile zile tulizovaa sisi. Alifurahi kuniona, kweli alifurahi, akanipa mkono kwa mikono yote miwili. Kwa mtu mwingine yeyote kwetu, umenona ni salamu njema kabisa. Mimi nilivuta tumbo ndani. Mtu mzima, niko chuo, navuta tumbo ndani! Akanionyesha msichana mmoja mwembamba aliyesimama kando. "Utakimbia na huyu wangu leo. Nimemwambia habari zako. Tuone."

Tulipasha mwili joto kwenye kona moja, mimi na msichana yule. Nilimwona anavyoukanyaga mguu wa kulia, kwa upande wa nje, haraka, kama mtu anayekanyaga mawe ya moto. Sikuhitaji kuambiwa.

Kisha kocha wangu akaja na kofia yake. "Unajisikia aje leo?"

Maneno yalipanda yenyewe, yako tayari kabisa. Lakini nyuma ya bega lake nilimwona yule mwalimu amesimama, mikono kifuani, ananitazama, na hasira ikanipanda ambayo sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote ile. Ukweli ukatoka kama tusi.

"Mguu unauma! Huu wa kushoto, palipovunjika. Unauma siku nyingi na nimekuwa nikikudanganya!"

Niliinua mkono kidogo mbele ya uso. Sijui kwa nini. Hakuna aliyewahi kunipiga, hata yule wa kwanza.

Aliutazama mguu. "Vua spaiki," alisema. "Umekula?"

Basi. Hayo tu. Nilitikisa kichwa, akaenda kuitafuta ndoo yake, nami nikakaa kwenye nyasi zenye umande nikalia hadi kamasi.

Yule msichana alikuwa amesikia. Alikuja akainama karibu nami, akijifanya anafunga kamba.

"Amekufanyia nini?"

"Hakuna. Ameniuliza kama nimekula."

Alinitazama kama anayemtazama muongo. Kisha akaweka kidole kwenye ugoko wake wa kulia, akakiondoa haraka.

"Mwambie," nikasema. "Nenda umwambie sasa hivi, kabla hawajaita."

"Wewe ulikuwa wake," alisema. "Ulimwambia?"

Wakaita wakimbiaji wa mita elfu tano.

Nikainuka nikamwendea mwalimu nikiwa na soksi tu. "Mwalimu, shikamoo. Yule msichana wako anaumwa. Mguu. Ni kama wangu, ni vilevile." Nilitarajia acheke. Hakucheka. Uso wake ulinyong'onyea, nikajua anakumbuka barabara ile na uzito wangu mgongoni mwake. Alimwita msichana kutoka kwenye mstari, akainama hadi macho yao yakalingana, akamuuliza kwa sauti ambayo sikujua anayo, sauti ya baba.

"Unaumwa? Sema tu. Hakuna ubaya."

Msichana alimtazama. Kisha alinitazama mimi, kwa chuki, kwa sababu nilikuwa nimeitoa siri yake mbele ya mtu anayemwogopa kuliko wote duniani.

"Niko sawa, mwalimu."

Na mtu yule, ambaye hakuwahi kumwamini hata mmoja wetu, akamwamini papo hapo. "Umesikia mwenyewe," aliniambia. Alikuwa ameshusha pumzi. Alitaka sana iwe kweli.

Nilimwambia msimamizi wa mbio pia, kijana mmoja mwenye bendera. Akasema mwalimu wake yupo na msichana mwenyewe hajalalamika, kwa hiyo nisogee nyuma. Nikasogea. Bunduki ikalia.

Sikutazama nani anaongoza. Nilitazama mguu mmoja. Kila alipopinda kona nilikunja vidole vya miguu ndani ya soksi, nikisema moyoni, acha, toka nje, kaa chini, hakuna mtu atakayekumeza, hakuna mtu atakufa. Kocha wangu alikuja akasimama karibu nami na yai mkononi, akaacha kunipa. Naye alikuwa ameshauona mguu ule. Msichana hakuacha. Mizunguko ya mwisho aliwapita wengine wote, uso umejikunja kwa maumivu, na uwanja ukalipuka, watu wa Embu wanajua kushangilia. Alikata utepe akiwa wa kwanza. Mwalimu wake alimkimbilia akamnyanyua juu kabisa, akamzungusha, akamwekea mkono kichwani, nikaona midomo yake ikisema lile neno, "Sawa." Msichana alitabasamu. Nilijua tabasamu lile linatoka wapi na nilimwonea wivu kidogo, Mungu anisamehe.

Kisha akamshusha chini, naye akasimama kwa mguu mmoja.

Niliruka kamba iliyozunguka uwanja nikaanza kumkimbilia. Nyuma yangu kocha wangu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alinipigia kelele, "Tembea! Mguu wako huo, tembea!" Msichana alikuwa akinyoosha mkono akitafuta kitu cha kushika, na mwalimu alikuwa amegeuka anapungia watu.

Nikatembea. Watu walikuwa bado wanapiga makofi.